Mali bila daftari: jinsi ya kuchangisha pesa mtandaoni kwa waathiriwa wa maafa, na jinsi ya kujibu lawama

Mvua ikizidi juu ya Mlima Elgon, watu wa Busia, Malaba na Tororo hupata habari kwa simu kabla ya kuzisikia redioni. Picha ya nyumba iliyofunikwa na tope inaingia kwenye kikundi cha WhatsApp. Sauti ya mtu anayelia inafuata. Baada ya muda mfupi mtu anauliza, "Jamani, tufanye nini?" Mwingine anatuma namba ya simu, na watu wanaanza kutuma chochote walicho nacho.

Hapo ndipo msaada unapoanza, na maneno pia yanaanza hapo hapo. "Hiyo namba ni ya nani?" "Pesa za mwaka jana zilikwenda wapi?" "Kwa nini mnawachangia wale na si sisi?" Wachangishaji wengi hukasirika wakiulizwa hivyo, kwa sababu wameacha shughuli zao na wanajitolea bila malipo. Wengine huacha kabisa. Wengine huwatoa waulizaji kwenye kikundi, na kuanzia siku hiyo kila mtu anaamini kwamba pesa zimeliwa.

Makala haya ni yako ikiwa unachangisha, unachanga au umepatwa na maafa mwenyewe, uwe mkimbizi au mwenyeji, upande wa Kenya au wa Uganda. Yanaeleza lawama zinazojitokeza mara nyingi, zilikotoka, na mambo ya kufanya kabla ya kutuma namba yoyote kwa watu.

MAAFA YA ENEO LETU

Eneo letu limezungukwa na maji na milima. Katika Kaunti ya Busia, Kenya, wakazi wa Budalangi wamehama mara nyingi Mto Nzoia unapofurika na kuvunja kingo zake karibu na Ziwa Victoria. Mei 2020 ziwa lenyewe lilipanda na kuvunja rekodi iliyokuwapo tangu 1964, na watu wa ufukweni wakapoteza nyumba na mashamba.

Upande wa Uganda, hatari kubwa hutoka mlimani. Tarehe 1 Machi 2010 maporomoko ya ardhi yalifukia kijiji cha Nametsi, wilayani Bududa, na mamia ya watu wakafa au wasionekane tena. Oktoba 2018 Bududa ilipigwa tena. Usiku wa kuamkia 31 Julai 2022 mito ilifurika katika mji wa Mbale na watu zaidi ya 20 wakafa. Tarehe 27 Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli: nyumba zilifukiwa, miili zaidi ya 20 ikapatikana, na watu wengine wengi hawakuonekana.

Wakimbizi wana sehemu katika historia hii. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi nchini Kenya, maelfu ya Wakenya walivuka mpaka hapa Busia na Malaba. Wengi walipokelewa katika kituo cha Mulanda, wilayani Tororo, kisha wakahamishiwa Kiryandongo. Miaka miwili baadaye, serikali ya Uganda iliwapeleka Kiryandongo pia baadhi ya manusura wa Nametsi. Mkimbizi wa vita na mhamiaji wa maporomoko wakawa majirani. Kwa hiyo mtu akikuuliza mkimbizi ana uhusiano gani na mafuriko ya wenyeji, mjibu kwamba anajua maana ya kulala nje bila blanketi.

LAWAMA ZIMETOKA WAPI?

Watu hawaulizi kwa sababu wana roho mbaya. Wanauliza kwa sababu wameona mengi. Mifano mitatu inatosha.

Wa kwanza ni wa Kagera, Tanzania. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilipiga mkoa huo, ng'ambo ya ziwa letu. Watu zaidi ya 15 walikufa na maelfu ya nyumba zikaharibika. Akaunti ya michango ilifunguliwa na watu wakachanga. Kabla mwezi haujaisha, Rais John Magufuli aliwaondoa kazini maafisa wawili wakubwa wa serikali mkoani humo, kwa madai kwamba ilifunguliwa akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile rasmi. Lawama ya pili ilikuja baadaye. Waathiriwa wengi walitarajia kusaidiwa kujenga nyumba zao, lakini serikali ilisema michango itarudisha kwanza majengo ya umma, kama shule. Kujenga shule ni jambo jema. Manung'uniko yalitokea kwa sababu aliyechanga na aliyebomokewa na nyumba walikuwa na picha nyingine vichwani mwao.

Wa pili ni wa Kenya. Julai 2011, ukame ulipowafikisha watu wa kaskazini kwenye njaa kali, ilianzishwa kampeni ya Kenyans for Kenya. Safaricom Foundation, KCB, wamiliki wa vyombo vya habari na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya waliungana, na wananchi wakachanga kwa M-Pesa. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500 kwa wiki nne, nalo likapitwa. Hata hivyo maswali yalikuwa makali. Kwa nini wananchi walishe watu ambao serikali inakusanya kodi kwa ajili yao? Mwishoni mwa mwaka huo, Msalaba Mwekundu ulilazimika kuondoa shuleni unga wa lishe wa Unimix kwa sababu ya hofu ya sumukuvu. Pesa zilikuwa zimepatikana na chakula kilikuwa kimefika, lakini ubora wake ukawa swali jipya.

Wa tatu ni wa Haiti. Baada ya tetemeko la Januari 2010, Wamarekani walichanga dola 10 kila mmoja kwa ujumbe mfupi wa simu, na kwa njia hiyo pekee Msalaba Mwekundu wa Marekani ulipata zaidi ya dola milioni 30. Jumla ya michango yake yote kwa Haiti ilikaribia dola milioni 500. Mwaka 2015 waandishi wa ProPublica na NPR waliripoti kwamba shirika hilo lilikuwa limejenga nyumba sita tu za kudumu. Shirika lilijitetea kwamba pesa zilikwenda pia kwenye matibabu, maji, makazi ya muda na ukarabati. Lakini kwa watu wengi, namba iliyobaki kichwani ni sita.

Ukiitazama mifano hii pamoja, utaona kwamba lawama haikuanzia kwenye wizi peke yake. Ilianzia pia kwenye jina la akaunti, kwenye ahadi isiyoeleweka, kwenye ubora wa bidhaa na kwenye hesabu iliyotolewa kwa jumla jumla. Hayo yote unaweza kuyatengeneza kabla hujaomba hata shilingi moja.

LAWAMA TANO UTAKAZOKUTANA NAZO

1. "Pesa ziko wapi?"

Hili ndilo swali la kwanza na ni swali halali. Kanuni za mwenendo za Msalaba Mwekundu na mashirika mengine ya misaada, zilizoandikwa mwaka 1994, zinasema tunawajibika kwa pande mbili: kwa wale tunaowasaidia na kwa wale waliotupa mali. Anayekuuliza pesa ziko wapi anakukumbusha kanuni hiyo. Mjibu kwa tarakimu. Maneno kama "Mungu anajua moyo wangu" ni ya kweli pengine, lakini hayahesabiki.

2. "Kwa nini hawa na si wale?"

Hapa mpakani swali hili lina sura nyingi. Kwa nini Bulambuli na si Budalangi? Kwa nini wakimbizi na si wenyeji? Kwa nini kabila fulani? Kama hukuandika vigezo vyako tangu mwanzo, jibu lolote litaonekana ni upendeleo. Kigezo kinachoeleweka ni kama hiki: "Tunasaidia kaya zilizopoteza nyumba katika kijiji fulani, kwa orodha iliyothibitishwa na mwenyekiti wa LC1, tukianza na zenye watoto wadogo, wazee, wajawazito na watu wenye ulemavu." Upande wa Kenya, atakayekusaidia kuthibitisha orodha ni chifu au mzee wa mtaa. Katika makazi ya wakimbizi Uganda, ni kamati ya ustawi wa wakimbizi, RWC.

3. "Mnatumia picha za watu kujitafutia jina."

Picha ya mama aliyefiwa huleta pesa haraka, na ndiyo sababu ni hatari. Mapema mwaka 2019 shirika la Uingereza la Comic Relief lilikosolewa vikali baada ya mtangazaji wake kuonekana kwenye picha akiwa amembeba mtoto wa Uganda. Wakosoaji walisema picha za namna hiyo humfanya mgeni kuwa shujaa na Mwafrika kuwa wa kuhurumiwa tu. Mwaka uliofuata shirika hilo lilitangaza kuacha kuwatuma watu mashuhuri Afrika kurekodi filamu za kuchangisha. Hata kanuni za 1994 zinataka waathiriwa waonyeshwe kama watu wenye heshima zao.

Kwa hiyo omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na ueleze itakwenda wapi. Kwa mtoto, muulize mzazi au mlezi. Usipige picha maiti. Usionyeshe sura, jina kamili wala kadi ya mkimbizi aliyekimbia hatari, kwa maana anayemtafuta naye ana simu. Picha ya daraja lililobebwa na maji au mikono ikipokea blanketi inatosha kabisa.

4. "Hii ni kazi ya serikali."

Ni kweli, serikali ina wajibu. Sera ya taifa ya Uganda ya kukabiliana na maafa, ya mwaka 2010, inaweka kamati za maafa, zikiwemo za wilaya, chini ya uratibu wa Ofisi ya Waziri Mkuu. Usibishane na mtu anayesema hivyo. Mwambie kwamba mchango wako ni wa siku chache kabla msaada mkubwa haujafika, kisha mwonyeshe kuwa ofisi husika imejulishwa. Mtu anaweza kuidai serikali haki zake na bado akatoa blanketi leo usiku.

5. "Ninyi wakimbizi mnalishwa na mashirika, pesa za kuchanga mnatoa wapi?"

Lawama hii huwaumiza wengi. Jibu lake ni rahisi: sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawaruhusu wakimbizi kufanya kazi na biashara. Wapo wanaouza sokoni, wanaoshona, wanaoendesha bodaboda. Pesa wanayotoa ni jasho lao. Ukiandika ripoti, andika tu "wachangiaji 96". Usiwagawe kwa uraia wala kabila.

KABLA YA KUTUMA NAMBA: MAMBO MANANE

Kwanza, hakikisha habari. Picha za mafuriko ya miaka iliyopita huzunguka tena kila msimu wa mvua. Piga simu kwa mtu aliye pale pale, au kwa tawi la Msalaba Mwekundu la eneo hilo, na uulize: ni kijiji gani, kaya ngapi, wanahitaji nini.

Pili, waulize waathiriwa. Baadhi ya manusura wa Nametsi waliopelekwa Kiryandongo walirudi mlimani baadaye, ingawa kule kulikuwa na ardhi salama zaidi. Msaada usiolingana na maisha ya mtu haudumu. Pengine mnakusanya nguo na kumbe wanataka sufuria, dawa ya maji na taulo za hedhi.

Tatu, uliza kama kuna mchango mwingine tayari. Ikiwa Msalaba Mwekundu, kanisa au msikiti unaouamini umeshaanza, huenda ni bora kuwapelekea watu huko kuliko kufungua namba ya pili. Namba zikiwa nyingi, tapeli hupata mahali pa kujificha.

Nne, undeni kamati ndogo ya watu watatu au watano, wanawake kwa wanaume, wakimbizi na wenyeji. Mmoja aweke hesabu, mwingine ashike laini ya simu, wa tatu aidhinishe matumizi. Mtu mmoja asifanye yote matatu, hata awe mwaminifu kiasi gani. Utaratibu huu unamlinda yeye kabla ya kumlinda mtu mwingine.

Tano, tumieni laini iliyosajiliwa kwa jina la mwanakamati anayejulikana, na lile jina linalotokea mtu akituma pesa liandikwe kwenye tangazo. Uganda, tangu mwaka 2019, wakimbizi wanaweza kusajili laini kwa kadi ya mkimbizi au hati ya familia inayotolewa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Usitumie laini iliyosajiliwa kwa jina la jirani au wakala. Siku ya ugomvi, mwenye jina ndiye mwenye pesa.

Sita, jueni vikomo na makato. Kenya, tangu 2023, laini binafsi ya M-Pesa haiwezi kuwa na zaidi ya shilingi 500,000. Mkitarajia zaidi ya hapo, fungueni akaunti ya kikundi. Uganda hutoza kodi ya asilimia 0.5 unapotoa pesa kwenye simu, mbali na ada ya kampuni. Ukitoa shilingi 2,000,000, kodi peke yake ni 10,000. Iandikeni tangu mwanzo, la sivyo mtu atasema hizo ndizo mlizokula.

Saba, semeni pesa ni za nini, mwisho wa kuchanga ni lini, na ziada itakwenda wapi. Mfano: "Tunanunua mablanketi na sufuria kwa kaya 30. Tunafunga Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Zikizidi, zitapelekwa kwenye zahanati inayohudumia kijiji hicho." Sentensi hizo tatu zinazuia nusu ya lawama.

Nane, ikiwa jamaa yako aliye Canada, Marekani au Uingereza anafungua ukurasa wa GoFundMe, fahamu kwamba huduma hiyo haipeleki pesa moja kwa moja kwa mtu aliye Kenya au Uganda. Zinaingia kwanza benki ya aliye nje, zikikatwa ada ya kadi. Ukurasa ueleze wazi nani anapokea, anatuma kwa njia gani na kwa nani huku. Yeye na ninyi mweke hesabu mbili zinazolingana.

TAARIFA INAYOJIBU MASWALI

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo halihitaji mhasibu. Huu ni mfano tu, kwa shilingi za Uganda:

Zilizoingia: 2,400,000 kutoka kwa wachangiaji 96
Kodi ya kutoa pesa: 12,000
Ada za kutoa pesa: 30,000
Usafiri wa gari la mizigo: 150,000
Mablanketi 60 kwa 25,000: 1,500,000
Sufuria 30 kwa 20,000: 600,000
Jumla ya matumizi: 2,292,000
Salio: 108,000, lipo kwa mweka hazina, litapelekwa zahanati

Chini yake weka picha za risiti, tarehe ya kugawa, idadi ya kaya zilizopokea na majina ya wanakamati. Funika namba za simu za wachangiaji na majina ya waliopokea. Orodha kamili yenye saini au alama za vidole ikae kwa kamati, na atakayetaka kuikagua aje aione.

Kwa kuwa wengi wa hapa wana laini za nchi zote mbili, michango itaingia kwa shilingi za Kenya na za Uganda. Andika kila sarafu peke yake, kisha uandike ulibadilisha kiasi gani, siku gani na kwa kiwango gani. Tofauti ndogo ya kiwango kwa wabadilishaji wa pesa mpakani inaweza kuzua ugomvi mkubwa ikiwa haikuandikwa.

Usitegemee mtandao mmoja kutoa taarifa. Uganda iliifunga Facebook Januari 2021, na tangu hapo wengi huifungua kwa VPN. Tangazo lililowekwa Facebook na mtu wa Busia ya Kenya linaweza lisionekane kwa aliyechanga kutoka Busia ya Uganda, hatua chache kutoka hapo. Tuma taarifa ile ile WhatsApp, isomwe kanisani na msikitini, na ibandikwe ukutani kwenye ofisi ya LC1, ya chifu au ya RWC. Aliyepokea blanketi pengine hana simu ya intaneti, naye ana haki ya kujua kililetwa nini kwa jina lake.

SHERIA INASEMAJE?

Kenya ina sheria ya michango ya umma, Sura ya 106, inayowataka wanaochangisha kwa umma kupata kibali. Kabla ya kutangaza mchango nje ya familia, marafiki au kikundi chenu, ulizeni ofisi ya chifu au ya naibu kamishna wa kaunti. Upande wa Uganda, ijulishe ofisi ya LC1 na ya RDC, na ikiwa mnaishi katika makazi ya wakimbizi, ofisi ya mkuu wa makazi chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Chukueni barua. Barua hiyo itawasaidia kwenye kizuizi cha barabarani mkiwa na gari la mizigo, na itawasaidia zaidi mtu akiwashtaki kwamba ninyi ni matapeli.

Nchi zote mbili zilipitisha sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019. Namba za simu, picha na majina mliyokusanya si mali yenu ya kusambaza.

Mkivusha bidhaa mpakani, waulizeni kwanza maafisa wa forodha wa Busia au Malaba. Mara nyingi ni nafuu na haraka zaidi kutuma pesa na kununua upande uleule walipo waathiriwa. Hilo linawanufaisha pia wafanyabiashara wa hapo, ambao nao wamepata hasara.

JINSI YA KUJIBU MTU ANAPOKULAUMU

Tofautisha swali na tusi. "Mbona hatujaona risiti ya gari?" ni swali, hata likiandikwa kwa hasira. Lijibu siku hiyo hiyo, mbele ya watu wote, kwa karatasi. Tusi lisilo na swali ndani yake liache lipite.

Msemaji awe mmoja. Wanakamati watatu wakijibu kwa namna tatu, hata ukweli utaonekana uongo.

Usifute maswali wala kumtoa mtu kikundini kwa sababu ameuliza. Msimamizi anaweza kumtoa anayetukana kabila au anayetisha wengine, naye aseme wazi amemtoa kwa sababu gani.

Kama kuna kosa kwenye hesabu, liseme kabla hujakamatwa nalo: "Tuliandika sufuria 30, zilizofika ni 28, mbili zilipasuka njiani." Watu husamehe sufuria mbili. Hawasamehi kufichwa.

Mtu akieneza uongo kwamba umeiba, toa taarifa yako, mwalike aje akague daftari mbele ya mwenyekiti wa LC1 au chifu, na hifadhi picha za skrini za alichoandika. Usimjibu kwa kumtishia. Ikiwa maneno yanachochea watu kukudhuru, peleka polisi na uwajulishe viongozi wa jamii siku hiyo hiyo.

UKIWA MCHANGIAJI

Uliza maswali manne kabla ya kutuma: Nani anapokea? Ni kwa ajili ya nani hasa? Inaisha lini? Taarifa itatolewa wapi? Jina likitokea tofauti na lililotangazwa, simama. Usitume kwa sababu umeharakishwa. Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri kwa madai kwamba atakurudishia pesa iliyozidi.

Ukipokea ujumbe wa utapeli kwenye laini ya Safaricom, upeleke bure kwa 333. Pesa ikienda kwa namba isiyo sahihi, tuma ujumbe wa M-Pesa kwa 456 mara moja. Ukiwa na MTN au Airtel Uganda, piga 100. Pia hifadhi ujumbe wa uthibitisho. Huo ndio ushahidi wako.

Ukikosoa, kosoa kwa swali lenye jibu. "Mwizi wewe" haliwezi kujibiwa kwa risiti. "Mlinunua mablanketi mangapi na kwa bei gani?" linaweza.

UKIWA MWATHIRIWA

Kupokea msaada hakukunyang'anyi haki zako. Una haki ya kukataa kupigwa picha na bado ukapata blanketi. Una haki ya kujua kiasi kilichochangwa kwa jina la kijiji chako. Msaada wa maafa haulipiwi kwa pesa, wala kwa kazi, wala kwa mwili. Mtu akikudai chochote ili akuandike kwenye orodha, mripoti.

Mkimbizi aliye Uganda anaweza kupiga simu bure kwa laini ya malalamiko ya UNHCR na washirika wake, 0800 32 32 32. Aliye Kenya anaweza kupiga 1517. Mwenyeji aanze kwa LC1 au chifu, na ikiwa yeye ndiye anayelalamikiwa, aende ofisi ya wilaya, ya naibu kamishna wa kaunti, au polisi.

MVUA ITARUDI

Mvua za masika na za vuli hazitaacha kunyesha Elgon, na Nzoia itajaa tena. Siku hiyo mtu atatuma namba kikundini, na kila anayeisoma atakumbuka mara ya mwisho alipochanga. Akikumbuka karatasi iliyobandikwa ukutani, yenye idadi ya mablanketi, kodi ya kutoa pesa na salio la shilingi 108,000, atatuma tena. Akikumbuka ukimya, atafunga simu, na atakayelala kwenye tope ni mtu ambaye hakula pesa ya yeyote.

Anza daftari lako leo, kabla ya mawingu. Chagueni kamati, ulizeni kuhusu kibali, na mkubaliane nani atashika laini. Ikiwa kikundi chenu kinataka mfano wa fomu ya hesabu au ya ruhusa ya picha, ulizeni kwenye dawati la taarifa la shirika lililo karibu nanyi, au tawi la Msalaba Mwekundu.